Gauni Jekundu la Doralice

"Shangazi, funga mlango, baridi inaingia," alisema Doralice.

"Mlango umefungwa, mwanangu," akajibu Shangazi Orsola. "Hiyo baridi umekuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani. Haya, kaa uchorwe twende zetu. Mahali penyewe pananuka mafuta kama jiko la bibi harusi asiyejua kupika."

Akavuta kigoda mpaka kwenye jiko la makaa, akapandisha kidogo pindo la gauni lake, akaanza kuota moto miguu bila haya yoyote. Mama huyu alikuwa ameshazika waume wawili, na hakuna kilichomtisha duniani isipokuwa kaka yake.

Faustino, yule mchoraji, hakugeuka. Alikuwa amesimama dirishani akisafisha brashi iliyokuwa safi tangu asubuhi. Nje ukungu ulikuwa umeufunika mji wote wa Brescia, hata mnara wa kanisa la jirani haukuonekana. Alizisikia hatua za yule binti zikikaribia, akazidi kuisugua ile brashi.

"Fundi," Doralice akamwita. "Tangu lini mgeni anapokewa kwa mgongo?"

"Tangu mgeni aanze kuja kuaga."

Ndipo Faustino akageuka, na alipogeuka akajuta, maana macho yale yalikuwa yamelia njia nzima.

Mji mzima ulijua habari ya Doralice. Baba yake, Mzee Agostino Pellegari, tajiri wa sufu, aliwahi kuingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hata ikafika siku akawa anaisalimia nguzo ya soko akidhani ni jirani yake. Usiku wa kuamkia siku ya kutiwa sindano machoni na kinyozi mganga, mzee alipiga magoti akaweka nadhiri: Ee Mtakatifu Lusia, mlinzi wa macho, nikiona tena, binti yangu mdogo ni wako. Kinyozi akausukuma ule utando kando, na mzee akaona. Alilia siku hiyo, akawa anaita watu kwa rangi za nguo zao, wewe wa kijani njoo, wewe wa buluu njoo. Sasa nani atabishana na muujiza? Mungu humkopi ukamkimbia. Wiki hii, sikukuu ya Mtakatifu Lusia itakapofika, Doralice atakatwa nywele, avikwe vazi jeusi la utawa, aingie nyuma ya ule wavu wa chuma unaowatenga watawa na watu, asitoke tena hata kwenda kumzika mtu. Na siku hiyo hiyo, katika altare ya kanisa la watawa hao, itatundikwa picha ya Kuzaliwa kwa Mtoto Yesu aliyoiagiza mzee, yeye na binti yake wakiwa wamepiga magoti pembeni, kama ilivyo desturi ya wanaotoa picha kanisani. Binti achorwe mtawa tayari. Ndivyo mzee alivyotaka.

Hayo mji uliyajua. Ambalo mji haukulijua ni kwamba tangu mavuno ya zabibu, Doralice alipoanza kuja kukaa mbele ya Faustino, wawili hawa walikuwa wamependana hadi kukondeana. Kuchora uso wa mtu si kazi ya kumpa kijana mwenye moyo laini. Unautazama kutwa nzima kwa ruhusa ya baba mtu, unaijua kona ya mdomo, unalijua kovu dogo chini ya nyusi, halafu jioni unaambiwa asante fundi, kwaheri. Nani angevumilia?

"Nionyeshe," akasema Doralice. "Baba anakuja leo kuikagua. Nataka niione kabla yake."

"Ukiiona usipige kelele."

"Kwani umenichora na pembe?"

Faustino akaifunua ile turubai ya picha.

Usiku mtupu. Ndivyo ilivyoonekana mwanzoni: zizi lenye giza, hakuna mshumaa, hakuna mwezi. Nuru yote ilitoka horini, kwa Mtoto. Ilimpiga Maria usoni, ikamgusa Yosefu kwenye ndevu, ikamulika mikono ya Mzee Agostino iliyounganishwa kwa sala. Na mwisho kabisa, pale nuru ilipokuwa inaishiwa nguvu, ilimkuta Doralice, nayo ikawa kama imepata pa kupumzika. Ilimjaa usoni, ikateremka begani na kifuani, juu ya gauni jekundu kama komamanga lililopasuliwa.

"Faustino." Sauti ilimtoka kidogo. "Hili ni gauni la harusi ya dada yangu."

"Ndilo ulilolivaa siku ya kwanza."

"Ulitakiwa ulifunike. Jeusi liko wapi? Shela iko wapi?"

"Mkono umekataa. Nakuapia. Kila asubuhi nasaga masizi, nachanganya na mafuta, nainua brashi mpaka begani pako. Nikifika begani, mkono unakufa ganzi."

Shangazi Orsola akanyanyuka, akaja akichungulia na kiatu kimoja mguuni. "Yesu na Maria! Nyekundu! Kwenye altare ya watawa! Kaka yangu atakuua wewe kijana, halafu anitafute na mimi aniulize nilikuwa nalinda nini hapa."

"Na aione hivyo hivyo, Mama Orsola," akasema Faustino. "Amwone binti yake katika nuru. Labda akimwona kweli, moyo utalainika. Na leo leo nitamwambia."

"Utamwambia nini?" akauliza Doralice.

"Kwamba nakutaka. Kwamba nitakuoa."

Doralice akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mtoto wa mtia rangi nguo wa kando ya mto Garza, kucha za buluu mpaka kwenye ngozi, aje amnyang'anye Mtakatifu Lusia mali yake. Hata Baba akikubali, mji mzima utakupiga mawe."

"Kucha zangu unazisema leo? Juzi ulizibusu."

"Mimi sijasikia hayo," akasema Shangazi Orsola, akarudi haraka kwenye kigoda chake. "Nina masikio mabovu tangu mume wa pili."

Kabla hawajasema zaidi, mlango ukagongwa kwa fimbo. Mzee Agostino hakungoja kukaribishwa. Aliingia akipapasa ukingo wa mlango, akapapasa na ukuta, akasimama katikati ya chumba akitabasamu, mwili mkubwa, koti la manyoya mpaka magotini, sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni.

"Fundi! Iko wapi hiyo picha yangu? Nimeacha marobota ya sufu mlangoni kwa ajili yako."

"Karibu, Bwana Agostino. Iko mbele yako."

Mzee akasogea. Shangazi alikuwa ameshika rozari, na Doralice amesimama kando, mikono imeng'ang'ania kitambaa chake cha mabega.

"Mbona giza hivi?" mzee akauliza. "Mimi nilikuagiza Noeli, wewe umenichorea pishi la mvinyo."

"Giza ndilo linalobeba nuru, Bwana. Mahali penye mwanga kila pembe, Mtoto angeng'aa vipi? Angekuwa mtoto kama watoto wengine."

"Haya, hayo ni yenu mafundi. Mimi niko wapi?"

"Hapo, karibu na hori. Nuru inakupiga mikononi."

"Ehee." Mzee akafurahi. "Karibu na hori, vizuri sana. Na mwanangu?"

"Nyuma yako, Bwana. Upande wa kulia."

Mzee Agostino akainama. Akasogeza uso mpaka pua yake ikakaribia kugusa turubai, pale pale begani, palipokuwa pamewaka wekundu. Akatazama kwa muda mrefu. Kwenye jiko kaa moja lilipasuka na Shangazi akaruka. Faustino alijiandaa kwa matusi, kwa fimbo, kwa lolote lile. Alikuwa ameshayapanga maneno yake: Bwana, mimi si tajiri, lakini nina mikono.

Mzee alipoinuka, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Limemkaa," akasema polepole. "Vazi la utawa limemkaa, jamani. Jeusi tii, kama la Mama Mkuu mwenyewe. Umefanya kazi, fundi. Mungu akubariki."

Faustino alimtazama Doralice, Doralice alimtazama Shangazi, na Shangazi akafunga macho. Wekundu ule ulikuwa unawaka mbele ya mzee, mtoto mchanga angeuona. Kumbe! Kumbe ule muujiza ulikuwa umeshaondoka zamani na mwenyewe hakumwambia mtu. Na hapo, Mungu amsamehe, furaha ilimpanda Faustino kifuani mpaka akaogopa itaonekana. Mtakatifu hakutimiza upande wake! Macho yamerudi gizani, basi nadhiri ya nini tena? Doralice yuko huru.

"Bwana Agostino," akasema, "naomba utazame tena lile vazi. Unaona rangi gani?"

"Faustino, usifanye hivyo," Doralice akanong'ona.

"Nimesema jeusi." Tabasamu la mzee likapotea. "Unanipima, kijana?"

"Sikupimi, Bwana. Nauliza tu."

Mzee akapapasa nyuma yake akitafuta kiti, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, Doralice akakimbia kumsogezea kigoda chake cha kuchorewa. Akaketi. Ule ukubwa wote ukaisha, akabaki mzee mwenye koti kubwa.

"Si jeusi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Shangazi akaanza kusali kwa kunong'ona.

"Njoo hapa, Doralice. Mkono wako uko wapi? Haya." Akaushika kwa mikono yake miwili. "Yameanza tena tangu zabibu zilipovunwa. Kwanza ukungu, nikasema ni ukungu wa msimu, kila mtu anao. Sasa nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Na sababu naijua. Nilimwahidi Mtakatifu Lusia kwamba utaingia Pasaka. Pasaka ikaja, nikasema ngoja kidogo, na apite huyu mwezi. Nikasema tena ngoja kidogo. Maana dada yako ameolewa, mama yako yuko kaburini, na mimi siwezi kula peke yangu pale mezani. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nilimnyima mtakatifu haki yake kwa sababu ya uroho wangu wa kukuona ukinimiminia supu."

"Baba..."

"Wiki hii nikitimiza, yatarudi. Najua yatarudi. Hutanigeuka, mwanangu? Watu wanasema msichana akikaribia mlango wa watawa huwa anageuka. Wewe hutanigeuka?"

Faustino hakuweza kujizuia. "Na yasiporudi, Bwana?"

Mzee akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Usiseme hivyo, kijana," akasema. "Wewe giza unalichora, ukichoka unafungua dirisha. Mimi linakuja kunikaa. Niachie hilo moja la kushika."

"Bwana Agostino, mimi nina jambo..."

"Fundi anataka kusema picha itakuwa tayari," Doralice akamkata, kwa sauti kavu iliyonyooka. "Sikukuu itaikuta imekauka. Na mimi sikugeuki, Baba. Nenda kapumzike."

Maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo. Faustino aliyasikia yakimpita kama mtu anayesikia mlango wake mwenyewe unafungwa kwa nje.

Mzee akabusu mkono wa binti yake, akainuka. Shangazi Orsola alikuwa ameshavaa kiatu chake cha pili. "Twende, kaka, nikushike. Ngazi zina barafu, na wewe ni mzito, ukianguka tutakuzoa kwa mkokoteni." Akafika mlangoni akageuka, akamtazama Doralice, kisha Faustino. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe malizia kukaa kwako. Nitarudi kukuchukua. Nitashuka polepole na nitapanda polepole zaidi, magoti yananiuma leo."

Mlango ukafungwa.

"Kwa nini?" Faustino akamgeukia. "Kwa nini umenifunga mdomo? Ulimsikia mwenyewe! Haoni! Sindano ya kinyozi imeshindwa, na mtakatifu naye ameshindwa. Nadhiri imekufa, Doralice, ilikuwa imebaki kuizika tu!"

"Na ungeizika na nani ndani yake?"

"Una maana gani?"

"Baba yangu hana macho, ana tumaini. Nikikataa leo, macho yakifa kabisa, atajua ni mimi niliyeyazima. Mji utajua ni mimi. Mimi mwenyewe nitajua ni mimi."

"Lakini si kweli! Yatakufa hata ukiingia utawani mara mia!"

"Najua." Akaketi kwenye kigoda alichotoka kuketi baba yake. "Unafikiri mimi ni mjinga? Najua. Lakini niingie, yafe, atasema ni mapenzi ya Mungu, atalala. Nisipoingia, atapapasa ukuta kila usiku akiniita jina. Na mimi nitakuwa kitandani kwako nikimsikia."

"Na mimi je? Mimi sina wa kunihurumia?"

"Wewe una macho, Faustino."

Alitaka kumlaumu mtu, akatafuta wa kumlaumu, akakosa. Mzee mwema, anayelia. Binti mwema. Mtakatifu kimya huko juu na taji lake. Angalau angekuwapo mtu mbaya mmoja katika jambo hili wa kumrushia kiti.

"Tukimbie," akasema, ingawa alilijua jibu. "Leo hii. Ukungu huu hata walinzi wa lango hawaonani."

"Wewe umeshazoea kukimbia?"

"Sijawahi."

"Wala mimi. Tutafika darajani nianze kulia, unirudishe." Akajaribu kutabasamu. "Ungenirudisha, nakujua. Ndiyo maana nakupenda, na ndiyo maana hatuendi popote. Lisilo budi hutendwa. Chora jeusi."

"Siwezi."

"Basi nitachora mwenyewe."

Akanyanyuka kweli, akachukua brashi, akaichovya kwenye masizi. Akaiweka begani pake mwenyewe, juu ya ule wekundu, akavuta. Mstari ukatoka mbaya, mzito, umepinda kama njia ya mlevi. Akavuta wa pili huku machozi yanamdondoka kidevuni. Faustino hakustahimili. Akasimama nyuma yake, akaushika mkono ule pamoja na brashi, na kwa kitambo walibaki hivyo hivyo, shavu lake likigusa nywele ambazo wiki hiyo zingekatwa na kutupwa motoni.

"Unaniharibia kazi," akamnong'oneza.

"Ifanye wewe basi. Nisifunikwe na mkono mwingine. Kama ni lazima nifunikwe, unifunike wewe."

Akamwachia brashi. Faustino akaufuta ule weusi mzito kwa kitambaa, wekundu ukatokea tena chini yake mzimamzima, haujadhurika. Akautazama. Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu wake angemchapa kwalo: akachukua chupa ya mafuta, akamimina kwenye masizi, akakoroga, akamimina tena, mpaka rangi ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria.

"Mbona unaizimua?"

"Kaa. Inua kidevu kama nilivyokufundisha." Akaanza kupaka, kidogo kidogo, kuanzia begani. "Kuna kosa mafundi wote wanaliogopa. Ukipaka rangi nyepesi juu ya rangi nzito, leo inafunika vizuri, mwenye mali anafurahi. Lakini mafuta hayatulii. Yanazidi kuwa maangavu mwaka hadi mwaka, na kilichofichwa chini kinaanza kupanda. Mwalimu wangu aliwahi kudaiwa fidia kwa farasi aliyeota miguu sita. Alikuwa amebadilisha miguu miwili, akapaka rangi nyepesi juu ya ile ya kwanza, nayo ikarudi."

Doralice akaelewa. Faustino aliuona uso wake ukielewa, na ule mwanga alioutafuta tangu mavuno, ambao hakuna rangi aliyokuwa nayo iliyoweza kuupata, ukapita usoni pale mara moja tu.

"Gauni langu litarudi?"

"Litarudi. Nimelipaka kwa rangi nzito, haliendi kokote. Uso wako nimeuweka kwa rangi nyeupe ya madini ya risasi, nao hautamezwa na giza. Jeusi ndilo litakalochoka. Siku moja watu watasimama pale altareni, watamwona msichana mwenye gauni jekundu kando ya Mtoto, na watajiuliza huyu ni nani, na alikuwa anapendwa na nani."

"Na mimi nitakuwa nyuma ya wavu naitazama kila asubuhi kwenye sala." Alipangusa pua kwa kiganja kama mtoto. "Nitaingoja. Itachukua muda gani?"

"Muda mrefu."

"Mrefu kiasi gani? Sema tu. Nikiwa mzee kama Shangazi?"

"Zaidi ya hapo." Brashi ilikuwa imefika kifuani, na wekundu ulikuwa unazama taratibu chini yake. Hakumtazama. "Sisi hatutaona, Doralice. Wataona wajukuu zetu."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Mkono wake ukasimama.

Chini, ngazini, hatua za Shangazi Orsola zilianza kupanda, moja, kisha kimya, kisha nyingine, na kikohozi kikubwa kwa makusudi.

"Wajukuu wa nani, Faustino?" akauliza Doralice.

Dirishani mwanga ulikuwa unakwisha, na sehemu ya chini ya gauni ilikuwa bado nyekundu. Doralice akainua tena kidevu chake, akakaa vile alivyofundishwa, bila kutikisika, ili fundi aone vizuri. Faustino akachovya brashi, akaendelea kupaka.